Mgogoro wa kibiashara unaponukia: namna ya kuhifadhi ushahidi wa simu na barua pepe usikataliwe mahakamani

Mteja amegoma kulipa, anadai mzigo ulikuwa na kasoro. Makubaliano yenyewe yalifanyika kwa ujumbe wa WhatsApp, ankara zikaenda kwa barua pepe, na picha za mzigo zimo kwenye simu ya mtunza ghala. Kabla ya kujibu chochote, hifadhi. Ushahidi wa aina hii huharibika zaidi katika siku za mwanzo, na mara nyingi anayeuharibu ni mwenye haki mwenyewe: anabadilisha simu, anafuta ujumbe wa hasira alioutuma usiku, anafungua faili na kulihifadhi upya.

Anza lini

Anza pale inapoonekana wazi kwamba jambo linaweza kufika mahakamani: barua ya madai imefika, upande wa pili umetaja wakili, malipo yamezuiwa. Usingoje wito. Marekani wajibu wa kuhifadhi huanza shauri linapotarajiwa, na kanuni ya 37(e) ya mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho, iliyorekebishwa 2015, inamruhusu jaji kuchukulia kwamba taarifa iliyopotezwa kwa nia ya kumnyima mpinzani asiitumie ilikuwa mbaya kwa aliyeipoteza. Uingereza, Mwongozo wa Utendaji 57AD unaotumika katika mahakama za biashara unataka wahusika wasimamishe ufutaji na wawaandikie wafanyakazi wanaohusika, hata walioacha kazi. Hata kama sheria ya nchi yako haisemi hivyo, pengo katikati ya mazungumzo halimsaidii aliyeliacha.

Zima kinachojifuta chenyewe

Hapa ndipo haraka inapohitajika. WhatsApp ina mpangilio wa ujumbe kutoweka baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Uzime kwenye kila mazungumzo yanayohusika. Kamera za ulinzi huandika juu ya picha za zamani diski inapojaa, kwa hiyo nakili siku husika leo hii. Mfanyakazi akiondoka, akaunti yake isifutwe: kwenye Microsoft 365 sanduku la barua la mtumiaji aliyefutwa hubaki siku 30 kwa mpangilio wa kawaida, na kwenye Google Workspace una siku 20 tu za kumrudisha.

Usiwaachie watu waamue wenyewe kipi kina maana. Mwaka 2023, katika kesi ya Epic dhidi ya Google huko San Francisco, jaji aliona kwamba Google iliwaachia wafanyakazi wachague kama watahifadhi gumzo za ndani zilizokuwa zikijifuta baada ya saa 24. Baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kesi huko Marekani, likaelezwa kwamba linaweza kudhani yaliyofutika yalikuwa na madhara kwa kampuni. Ukurasa mmoja wa maagizo ungetosha kuepusha hayo: mgogoro unahusu nini, kuanzia tarehe gani hadi gani, vifaa na akaunti zipi, marufuku ya kufuta, na nani aulizwe. Kila mmoja atie saini kwamba ameupokea. Usiishie kwa mameneja. Mhasibu, dereva na mtunza ghala ndio mara nyingi wenye ujumbe unaoamua kesi.

Mazungumzo ya simu

Picha ya skrini inaonyesha tu kwamba ujumbe upo. Inahaririwa kwa dakika moja, na wakili wa upande wa pili anajua hivyo. Chukua picha hizo kama kumbukumbu ya haraka, kisha fanya kazi kamili.

Kwanza toa mazungumzo yote, yasiwe yale tu ya wiki ya ugomvi. WhatsApp yenyewe ina sehemu ya kutoa nakala. Ukijumuisha picha na sauti, hutoa ujumbe wa karibuni takriban 10,000, bila hizo takriban 40,000. Mazungumzo yakizidi hapo, sehemu ya mwanzo itakatika kimyakimya, basi hakikisha tarehe ya ujumbe wa kwanza. Na ujumbe wa zamani una uzito. Mwaka 2023 mahakama ya Saskatchewan, Kanada, iliamua kwamba emoji ya kidole gumba juu iliyotumwa kujibu picha ya mkataba wa tani 87 za mbegu za kitani ilikuwa ni kukubali mkataba, na muuzaji akaamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Kilichoipa emoji maana hiyo ni mikataba ya awali ya watu haohao, iliyokubaliwa kwa majibu mafupi kama “sawa” na kisha ikatekelezwa. Nani angekuwa na jibu kama ujumbe wa nyuma ungekuwa umefutwa?

Pili, faili linalotoka ni maandishi matupu, nalo hubeba jina ulilolihifadhi kwenye simu badala ya namba. Ukiwa umemwandika mtu “Bosi Mpya”, mahakama haitajua ni nani. Piga picha ukurasa wa mawasiliano yake unaoonyesha namba kamili. Andika pia mpangilio wa tarehe wa simu hiyo, kwa kuwa 03/04 ni Aprili kwenye simu moja na Machi kwenye nyingine, pamoja na majira ya saa iliyotumia.

Tatu, tunza simu yenyewe. Faili la maandishi likipingwa, kifaa ndicho kitakachoamua. Kama kiasi kinachogombewa ni kikubwa, usiitumie tena. Mpe mtaalamu wa uchunguzi wa kidijitali achukue nakala yake kamili.

Picha zilizopitia WhatsApp hupoteza taarifa za ndani kama tarehe ya kupigwa na mahali. Mwendee aliyepiga, nakili faili la asili kwa waya. Ujumbe wa sauti uhifadhiwe ulivyo. Maandishi yake yawe nyongeza. Usipitishe picha wala sauti kwenye programu ya akili unde ili “kuisafisha”: hapo umetengeneza kitu kipya.

Barua pepe

Kosa la kawaida ni kumpelekea wakili barua kwa kubonyeza “forward”. Hiyo inazaa barua mpya yenye vichwa vipya, yaani taarifa za kiufundi zinazoambatana na kila barua pepe. Njia iliyopita ile ya kwanza haimo. Pakua barua yenyewe kama faili la .eml au .msg, pamoja na viambatisho. Vichwa kamili vinaonyesha seva zilizopitiwa, namba ya utambulisho wa ujumbe na anwani ya kujibu. Katika migogoro ya ankara zilizobadilishwa namba ya akaunti ya benki, ambayo imekuwa mingi, ni vichwa hivyo vinavyosaidia kuonyesha kama barua ilitoka kwenye akaunti halisi iliyoingiliwa au kwenye anwani inayofanana nayo kwa herufi moja tofauti.

Funga kwa heshi, andika daftari

Ukishakusanya, kokotoa heshi ya kila faili, yaani alama yake ya utambulisho, kwa njia iitwayo SHA-256. Heshi hiyo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64; ukibadilisha koma moja ndani ya faili, wote unabadilika. Amri ya kuandika kwenye Windows: `certutil -hashfile jina SHA256`. Linux: `sha256sum jina`. Mac: `shasum -a 256 jina`. Usitegemee njia za zamani za MD5 wala SHA-1, maana imeshaonyeshwa hadharani kwamba mafaili mawili tofauti yanaweza kupewa heshi moja. Weka nakala mbili mahali tofauti, na ya tatu ndiyo ya kufanyia kazi. Ile ya asili usiifungue.

Daftari la utunzaji lina mstari mmoja kwa kila tendo: tarehe na saa, nani, kifaa gani na namba yake ya IMEI (utambulisho wa simu) au ya utengenezaji, alifanya nini, faili lilikwenda wapi, heshi yake. Flashi ikihama kutoka kwa mhasibu kwenda kwa wakili, wote wawili watie saini. Anayekusanya awe mtu mmoja anayeweza kusimama kizimbani na kueleza, kwani ndiye atakayeapa kiapo au kutoa cheti ambacho sheria za nchi nyingi hudai kwa ushahidi wa kielektroniki. Marekani, tangu Desemba 2017, kanuni ya ushahidi ya 902(14) inakubali cheti cha mtaalamu kinachothibitisha nakala kwa heshi, bila yeye kuitwa.

Yasiyofaa kabisa

Usifungue kundi jipya la gumzo la kujadili kesi. Yanayoandikwa humo yanaweza kudaiwa na upande wa pili, kwani kinga ya mawasiliano ya wakili na mteja haifiki huko. Usiingie akaunti ya mtu kwa nywila uliyoikumbuka: unaweza kupoteza ushahidi na kushtakiwa juu yake. Na ujumbe unaokuumiza usiuguse. Wakili mzuri ana namna ya kuueleza, lakini hana namna ya kueleza kwa nini ulifutwa, hasa nakala ikiwa bado iko kwenye simu ya mpinzani.

Zuio la kufuta liondolewe kwa maandishi ya wakili tu, baada ya hukumu kutekelezwa na muda wa rufaa kwisha, au suluhu kutiwa saini na kulipwa. Kisha warudishie wafanyakazi mipangilio yao, na uwaambie hivyo kwa barua ile ile iliyowazuia.