Anza kwapani: kusoma umbo la jani na stipuli

Kabla ya kutaja umbo, hakikisha unachokishika ni jani. Fuata kikonyo, yaani kijiti kinacholibeba jani, mpaka kinapoungana na tawi. Hapo juu yake, kwapani, kwenye pembe kati ya kikonyo na tawi, pana tumba, yaani chipukizi ambalo halijafunguka. Chukua mwarobaini: vile vipande vyenye meno pembeni havina tumba kwapani, kwa hiyo ni vijijani, na uti mzima unaovibeba ndio jani moja ambatani. Wengi hupotea hapa, wakapima kijijani wakidhani ni jani. Muhogo humpotosha mtu kwa njia nyingine: lile linaloonekana kama majani mengi ni jani moja sahili, yaani lisilo na vijijani, lililogawanyika karibu mpaka kitakoni.

Sasa chukua rula. Pima urefu wa bapa, ile sehemu pana ya jani, bila kikonyo, halafu tafuta mahali penye upana mkubwa kuliko pote. Ukiwa katikati, jani ni la duaradufu. Ukiwa chini ya katikati, ni la umbo la yai. Ukiwa juu, ni yai lililogeuzwa, kama jani la mkungu. Urefu ukizidi upana mara 3 au zaidi na ncha ikachongoka, ni la mkuki. Pima majani kadhaa ya tawi lililokomaa, kwani miche hudanganya: mbuyu mchanga hutoa majani sahili, ukikua hutoa ambatani ya vijijani 5 hadi 7.

Stipuli ni jozi ya viungo vilivyo pande mbili za kitako cha kikonyo, na mara nyingi ndizo zinazomaliza ubishi. Za njegere ni kubwa kuliko vijijani vyenyewe. Za mbuni ni pembetatu ndogo zilizokaa kati ya vikonyo viwili vinavyotazamana. Miiba mirefu iliyonyooka ya mgunga ni stipuli; ile iliyopinda ya kikwata siyo, ingawa nayo huja miwili miwili. Lile bawa la kikonyo cha mchungwa nalo si stipuli.

Usiandike “haina stipuli” kwa kutazama tawi kuukuu tu. Za mfenesi hufunika tumba, kisha hudondoka na kuacha alama ya pete kuzunguka tawi. Kagua ncha changa kwa lenzi inayokuza mara 10, tafuta na makovu. Mwembe hutakuta kitu, kwa sababu kweli hauna. Na uandike ulichokiona kabla ya kukausha sampuli, maana stipuli nyembamba hupukutika ndani ya magazeti ya kukaushia.