SOMO: Kwanini swichi moja inaandikwa ampea tofauti kwa volti tofauti

Wakuu habari zenu. Chukua swichi yoyote ndogo ya kubofya uigeuze, mgongoni utakuta maandishi kama 6A 125VAC 3A 250VAC, yaani ampea 6 kwa volti 125 za AC (umeme kama wa nyumbani) na ampea 3 kwa volti 250 za AC. Watu wengi wakiona hivo wanapiga hesabu ya haraka, 6 mara 125 ni 750, 3 mara 250 ni 750, basi wanasema kumbe hii swichi ni ya wati 750, kwa hiyo nikiipeleka kwenye volti 12 itabeba ampea 60. Hapana jamani. Hiyo hesabu inaunguza vitu na inaweza kuunguza nyumba, ndo maana nimekaa niandike hili somo taratibu.

Hatua ya 1: Tenganisha kazi mbili za swichi
Swichi ina kazi ya kubeba umeme ikiwa imewashwa, na ina kazi ya kuukata. Ni vitu viwili tofauti kabisa na kila kimoja kina kikomo chake.

Hatua ya 2: Angalia joto la kubeba
Kontakti, yaani vile vichuma viwili vya ndani vinavyogusana ukiwasha, hazigusani uso mzima, zinagusana kwenye vinundu vidogo vidogo tu, kwa hiyo pale katikati kuna ukinzani kidogo. Tuseme ni omu 0.01. Ukipitisha ampea 6 unapata joto la wati 0.36, halina shida. Ukipitisha ampea 60 unapata wati 36, maana joto linapanda kwa ampea mara ampea, na wati 36 ndani ya kiboksi cha plastiki ni kama umeingiza chuma cha kulehemea risasi humo ndani. Angalia hiyo hesabu vizuri, volti za betri yako hazimo popote. Iwe volti 12 au 250, ampea 60 zinachoma kontakti vilevile. Kwa hiyo kushusha volti hakukupi ruhusa ya kupandisha ampea bila mwisho.

Hatua ya 3: Elewa kinachotokea ukizima
Hapa ndo penyewe. Kontakti zinapoanza kuachana, sehemu ya mwisho kugusana inabeba umeme wote peke yake, inapata moto, inayeyuka, inachemka kuwa mvuke wa chuma, na umeme unaendelea kupita ndani ya ule mvuke kama mwali wa bluu. Ule mwali una joto la maelfu ya nyuzi. Kila ukizima, chuma kidogo kinaliwa.

Kwa kontakti za fedha, mwali unahitaji angalau volti kama 12 na ampea kama 0.4 ili ujishikilie. Chini ya hapo unakufa wenyewe. Volti zikiwa nyingi mwali unaweza kuvutwa mrefu zaidi bila kukatika, na wewe nafasi uliyonayo ndani ya swichi ni ileile ya milimita chache, haiongezeki. Sasa mtengenezaji anafanyaje? Anapunguza ampea, ili mwali uwe dhaifu na ufe kabla haujala kontakti. Hiyo ndo sababu ya 6A kwenye 125 na 3A kwenye 250. Ile 750 kutokea sawa pande zote isikufanye uone ni sheria, zipo swichi zimeandikwa 15A 125VAC na 10A 250VAC, zidisha uone kama zinalingana.

Hatua ya 4: AC sio DC
Umeme wa AC wa hezi 50 unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 10 mwali unanyimwa chakula, na mara nyingi unafia hapohapo. DC, yaani umeme kama wa betri, haina sifuri, inasukuma tu muda wote mpaka mwali uvutwe mrefu kiasi cha kushindwa. Ndo maana rilei ndogo (swichi inayowashwa na koili ya umeme badala ya kidole) unaikuta 10A 250VAC na pembeni 10A 30VDC, na ukiifuatilia kwenye jedwali lake, ikifika 110VDC inaruhusiwa karibu nusu ampea au chini ya hapo. Kutoka 10 hadi nusu, kifaa kilekile.

Mimi niliwahi kufunga swichi ya 10A 250VAC kwenye pampu ya betri za volti 48, pampu ilikuwa inakula ampea 6 tu, nikaona nimebakiza nafasi kubwa. Baada ya siku chache nikazima nikasikia mwali unavuma ndani, pampu haisimami, plastiki inaanza kunuka. Nilichomoa waya kwenye betri ndo ikakata. Tangu hapo swichi isiyoandikwa VDC siiweki kwenye betri kubwa.

Hatua ya 5: Jua unawasha nini
Mota na koili (waya uliozungushwa mizunguko mingi) zikikatwa ghafla zinatupa volti nyingi kurudi kwenye swichi na kuulisha mwali. Balbu ya waya wa moto ikiwa baridi inavuta mara 10 hadi 15 ya ampea zake za kawaida, inaweza kugandisha kontakti wakati wa kuwasha. Ukiona swichi imeandikwa 10(4)A, ile 10 ni ya vitu vya joto kama hita, ile 4 kwenye mabano ni ya mota.

MASWALI

Swali: Mkuu, na hiyo pampu fyuzi haikukata? Ilikuwa mbovu?
Jibu: Ilikuwa nzima kabisa. Mwali ni kama ukinzani umeongezwa kwenye njia, kwa hiyo ampea zinapungua badala ya kupanda. Fyuzi inaona ampea 6 au pungufu, inaona hali shwari, huku swichi inaungua. Fyuzi inalinda waya usizidiwe, huu moto haiuoni.

Swali: Nina swichi yenye njia mbili ndani, kila moja 5A. Nikiziunga sambamba si napata 10A?
Jibu: Kwa kubeba utapata afueni kidogo. Kwa kukata hapana, maana haziachani kwa wakati mmoja, ile inayochelewa inakata zote 10 peke yake. Ukiziunga kwa mfululizo ndo kuna faida, ampea zinabaki 5 ila mwali unagawanywa sehemu mbili, na kwenye DC watengenezaji wengi wanaonyesha hivo kwenye michoro yao.

Swali: Dayodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inasaidia?
Jibu: Kwenye mota au koili ya DC inasaidia sana, iweke sambamba na mota, upande wenye mstari uelekee chanya. Ukigeuza umefanya shoti. Kwenye AC usiweke. Na kumbuka inaondoa ule mrusho wa koili tu, volti 48 za betri ziko palepale.

Swali: Kwa hiyo nichukue tu swichi kubwa kwa kila kitu niwe salama?
Jibu: Kwa ampea kubwa sawa. Kwa ishara ndogo za milliampea utapata tabu, kontakti za fedha zinashika utando na huwa zinategemea ule mwali mdogo kuusafisha. Kule tafuta zilizopakwa dhahabu.

Swali: Nataka kuwasha mota ya volti 48 ampea 20 na kiswichi kidogo cha mbele, inawezekana?
Jibu: Inawezekana, kiswichi kiwashe koili ya kontakta (rilei kubwa ya ampea nyingi) tu, na kontakta iwe imeandikwa VDC kwa volti zako na zaidi. Angalia alama za + na − kwenye vituo vyake, baadhi zina sumaku ndani ya kusukuma mwali upande mmoja, ukizifunga kinyume sumaku inausukuma mwali kusikotakiwa.