Daftari la Usiku: Kujijua kwa Dakika 10

Chukua daftari dogo na kalamu. Simu iwe mbali, maana ujumbe mmoja tu hukata fikra. Kila usiku andika mambo matatu: kilichokupa nguvu leo, kilichokuchosha na ulichokwepa. Taja tukio lenyewe, saa na waliokuwepo. "Nilihuzunika" haitoshi, "nilinyamaza mkutanoni saa 4, nikaona aibu" inafaa. Usikimbilie kujiuliza "kwa nini": akili hutunga sababu upesi, nyingi za kujitetea. Uliza "nini kilitangulia?"

Usiyasome uliyoandika hadi siku ya 14. Hapo pigia mstari kinachojirudia mara tatu au zaidi, kisha badilisha jambo moja tu kwa wiki nzima. Wengine huacha kwa sababu walianza na kurasa nzimanzima. Mistari sita yatosha.