SOMO: Jinsi ya kujua lugha iliyokufa ilitamkwaje, hatua kwa hatua

Wadau salaam. Hili naliandika mara moja ili nikiulizwa tena niwe nawaelekeza hapa, maana swali ni lile lile kila siku, "hao watu wamekufa miaka elfu mbili iliyopita, rekoda hakuna, nyie mnajuaje Mrumi alitamkaje?" Tunajua kwa sababu sauti huacha alama, kwenye makosa ya waandishi, kwenye mashairi, kwenye midomo ya majirani na ya wajukuu. Kazi ni kuziokota na kuzilinganisha.

Hatua ya 1. Chagua lugha na karne. Kilatini, lugha ya Warumi, cha lini?

Hatua ya 2. Jua mwandiko wao unaandika nini na unaacha nini. Kimisri cha kale kiliandika konsonanti tu, zile "e" za jina la malkia Nefertiti zimepachikwa na wasomi ili jina lisomeke.

Hatua ya 3. Tafuta makosa ya tahajia. Msomi anaandika alivyofundishwa, asiyesoma sana anaandika anavyosikia, na huyo wa pili ndiye shahidi wako. Kuna orodha ya zamani ya maneno ya Kilatini inaitwa Appendix Probi, aliyeiandika anakemea tu, sema speculum usiseme speclum, calida siyo calda, numquam siyo numqua. Hakuna anayekataza kitu ambacho watu hawakifanyi, kwa hiyo tunajua mtaani irabu ya katikati ilishamezwa na m ya mwisho ilishapotea. Na kwenye ukuta wa Pompeii, mji wa Warumi uliofukiwa na volkano mwaka 79, mtu kaandika ama badala ya amat na valia badala ya valeat. Huyo unamsikia kabisa anavyoongea.

Hatua ya 4. Angalia majirani waliyaandikaje majina yao. HAPA NDIPO WENGI WANAHARIBU, someni taratibu. Wagiriki walimwandika Mrumi Cicero kama Kikeron na Caesar kama Kaisar, basi c ya Kilatini ilikuwa k. Valerius wakamwandika Oualerios, basi v ilikuwa w. Mpaka hapo safi, halafu mtu anakimbilia kufunga kesi. Onyo la kwanza, usisome Kigiriki cha kale kwa mdomo wa leo. Herufi beta leo ni v, zamani ilikuwa b, na baadaye Wagiriki walianza kuiandika v ya Kilatini kwa hiyo hiyo beta, sasa usipoweka tarehe kwenye kila ushahidi utaona mashahidi wanapingana wakati ukweli ni kwamba lugha zote mbili zilikuwa zinasogea. Onyo la pili, jirani hulibeba neno kwa mdomo wake yeye. Chukua kalamu. Kiarabu kingepotea chote kikabaki Kiswahili peke yake, ungeapa Waarabu walisema kalamu kwa k yetu hii na u mwishoni, na wao wanasema qalam, q inatoka nyuma kabisa karibu na koo na mwisho hakuna irabu. Kwa hiyo kabla hujamwamini shahidi uliza kwanza ni sauti gani yeye mwenyewe hana. Onyo la tatu, shahidi mmoja hatoshi. Farao Ramesses kwenye barua za Wahiti, watu wa kale wa Uturuki ya leo walioandika kwa kikabari, yaani alama za umbo la kabari kwenye udongo, anaitwa Riamashesha, hapo unapata irabu ambazo Wamisri hawakuziandika, halafu unamuita shahidi wa pili, Kikopti, ambacho ndicho mjukuu wa Kimisri. Ile Ra ya mwanzo wa jina ni jua, na Kikopti jua kinaliita re. Ukiwapanga kwa tarehe unaona ria ya zamani ikielekea kuwa re.

Hatua ya 5. Mashairi. Anayejua vina na mizani yuko mbele tayari. Mizani ya Kilatini ilipima silabi ndefu na fupi, ndiyo maana tunajua irabu nyingi zilivutwa wapi. Mashairi ya kale ya Wachina yana vina ambavyo leo havikubaliani, maana yake sauti zimehama, na wana kamusi ya vina ya mwaka 601, Qieyun, inayoonyesha lipi liliimbana na lipi.

Hatua ya 6. Linganisha lugha ndugu. Sisi tunasema njaa na mvua, Kichewa njala na mvula, Kizulu indlala na imvula. Kiswahili ndicho kilichodondosha l. Na haijaondoka mbali, sema fungua halafu fungulia, nunua halafu nunulia. L inarudi yenyewe mdomoni mwako.

Hatua ya 7. Neno ulilolijenga upya weka kinyota mbele. Kinyota maana yake halijawahi kuonekana limeandikwa popote. Ukikiondoa unawadanganya watu.

MASWALI

Mtoto wa Nile: Mkuu nipe audio ya Farao akiongea niweke kwenye video yangu.

Jibu: Haipo. Hatua ya 2 na ya 4.

Mtoto wa Nile: Mbona 2020 wanasayansi walimfanya mumia aongee? Usibishe vitu vipo.

Jibu: Sijabisha kitu. Yule ni Nesyamun, kuhani, mumia yake iko Leeds, Uingereza. Walipiga skani njia yake ya sauti, wakaichapisha kwa printa ya 3D, wakapitishia sauti ya umeme, ikatoka sauti moja inayofanana na irabu. Moja tu. Hilo ni umbo la koo la mtu mmoja alivyolazwa, haliambii neno lolote la Kimisri lilitamkwaje.

Msoma Vibao: Naongezea hatua ya 4. Cratinus, mwandishi wa vichekesho wa Athens karne ya 5 KK, aliandika mlio wa kondoo kwa herufi mbili za Kigiriki, beta na eta. Mgiriki wa leo akiisoma inatoka "vi". Kondoo hajawahi kulia vi.

Jibu: Safi sana mkuu, hiyo ni b na e ndefu kwa mkupuo mmoja.

Bi Irabu: Asante kwa somo. Kupanda na kushuka kwa sauti je, nako kunapatikana?

Jibu: Swali zuri dada. Kwa baadhi ndiyo. Dionysius wa Halicarnassus, mwandishi Mgiriki wa karne ya 1 KK, aliandika kwamba sauti ya Mgiriki akiongea hupanda na kushuka kwa kiasi cha tano ya muziki, yaani kutoka do mpaka so. Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, bado zinakaririwa kwa toni zake, mwalimu kwa mwanafunzi. Na lugha mama ya Kibantu ilikuwa na toni, hilo tunajua kwa sababu ndugu wengi wanazo mpaka leo, Kiswahili ndicho kilichoziacha.

Mzee wa Hoja: Haya yote ni kukisia tu, nani alishathibitisha?

Jibu: Chukua Saussure, mwanaisimu wa Uswisi. Mwaka 1879, akiwa kijana wa miaka 21, alisema lugha mama ya Ulaya na India ilikuwa na sauti fulani ambazo hazikubaki kwenye lugha yoyote iliyojulikana wakati ule, alizipata kwa kupiga hesabu ya irabu tu. Akafa 1913. Miaka miwili baadaye msomi Hrozný akatangaza kwamba Kihiti, lugha ya wale Wahiti, ni ndugu wa lugha hizo, na 1927 mwanaisimu Kuryłowicz akaonyesha kwamba h ya Kihiti imekaa kwenye sehemu alizozitaja Saussure. Usiite hiyo kukisia tu.

Bi Irabu: Samahani narudi, nimejaribu hatua ya 6 nikakwama kwenye sahau. Tunasema "siku isiyosahaulika", ina l, lakini sahau si imetoka Kiarabu? Kule kuna l?

Jibu: Hakuna, na umeona kitu kikubwa. Hiyo l imeigwa. Vitenzi kama fungua vilikuwa vingi, mdomo ukazoea kwamba irabu mbili zikikutana pale l inaingia, ikapewa hata mgeni. Fungua ni halali kwa sababu Kichewa na Kiganda wana -ula hiyo hiyo ya kufungulia vitu, sahau haina ndugu huko. Sasa jaribu tembea na pokea, tafuta ndugu zao, ulete hapa ulichopata.