Umechoka na kodi ya nyumba Ireland? Hivi ndo unavyoweza kuifanya kura yako iume

Watu wetu wengi walioko Dublin, Cork, Limerick na kwingineko Ireland wanaziangalia siasa za kule kama mechi ya watu wengine. Mtu chumba tu kinamla karibu nusu ya mshahara, kila wiki yuko kwenye grupu la WhatsApp analalamika, alafu ukimuuliza mbona hupigi kura anakujibu mi sio raia bwana. Haya tuanzie hapo hapo, manake asiye raia naye ana kura.

Iko hivi. Uchaguzi wa madiwani anapiga kura mtu yeyote anayeishi Ireland aliyefikisha miaka 18, awe na pasi ya Tanzania, Kenya au Kongo, hata aliyeomba hifadhi na kesi yake bado inazunguka. Kura ya bunge lao, wanaliita Dáil, ni ya raia wa Ireland na Waingereza wanaoishi pale. Bunge la Ulaya ni Waairishi na raia wa nchi za Umoja wa Ulaya. Rais na kura ya maoni ya kubadilisha katiba, raia wa Ireland peke yao. Kwahiyo kama huna uraia wa Ireland, Uingereza wala nchi ya Umoja wa Ulaya, kura yako ni ya diwani, na usiidharau, nitaeleza kwanini. Na kama miaka yako mitano ya kuhesabika imeshatimia na unautaka uraia, jipange na euro 175 za maombi na zingine 950 za cheti ukikubaliwa.

Kujiandikisha sio kazi. Ingia checktheregister.ie, weka namba yako ya PPS (ile ya huduma za serikali), tarehe ya kuzaliwa na Eircode (kodi ya posta) ya unapoishi, basi. Kama mambo ya mtandaoni yanakusumbua, fomu ya karatasi ipo halmashauri. Asiye na anwani ya kudumu, yule anayelala hosteli au kwenye makochi ya washkaji, naye ana utaratibu wake wa kuandikishwa, aulize. Fanya leo, usisubiri mabango yaanze kuning'inia kwenye nguzo za umeme, manake daftari linafungwa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Alafu kuna hii ishu ambayo watu hawaitilii maanani. Mpangaji anahama sana, mwenye nyumba kauza, au anamtaka mwanae aingie, au kodi imepanda huiwezi, unahama, na jina lako linabaki kwenye mtaa wa zamani. Mwenye nyumba yake yuko pale pale miaka 30, jina lake halijawahi kuguswa, siku ya kura anatembea kwa miguu mpaka shule ya jirani na kurudi. Ndo maana mi nasema wapangaji wanapoteza uchaguzi kabla kampeni hazijaanza. Ukihama, siku ile ile unayobadilisha anwani ya benki badilisha na hii.

Sasa kabla hujamfungulia mlango mgombea, manake kule wanapita nyumba kwa nyumba kweli kweli, jua hasira za hawa watu zimetoka wapi. Bila hiyo utasikiliza kila mtu na kumwamini kila mtu.

Septemba 2008 mabenki yao yalikuwa yanazama kwa mikopo ya majengo, serikali ya chama cha Fianna Fáil usiku usiku ikayawekea dhamana, madeni ya karibu euro bilioni 440, nchi yenye watu milioni nne na nusu. Kufika Novemba 2010 serikali yenyewe ikaenda kuomba, ikapewa mpango wa bilioni 85 na Umoja wa Ulaya na IMF, na masharti juu. Kuyaokoa mabenki peke yake kulikula karibu bilioni 64. Nani alilipa? Mshahara wa nesi ukakatwa, ikaja tozo mpya ya mapato, USC, 2011, kodi ya majengo 2013, kima cha chini cha mshahara kikashushwa kutoka euro 8.65 kwa saa hadi 7.65, wakaja kukirudisha baada ya miezi michache. Watu waliokosa kazi wakafika kama asilimia 15. Vijana wakapanda ndege, Australia, Canada, na kati yao walikuwemo mafundi wa ujenzi, hao ndo waliokuja kutafutwa baadaye kwa tochi.

Wapiga kura wakajibu. 2011 Fianna Fáil, chama kilichozoea kutawala miaka na miaka, kikatoka viti zaidi ya 70 kikabaki na 20. Wakaingia vyama vya Fine Gael na Labour, na kubana matumizi kukaendelea vile vile. 2016 Labour wakalipia, kutoka viti 37 hadi 7. Katikati hapo kukawa na vita ya maji, serikali imeanzisha kampuni ya maji na inataka kila nyumba ianze kulipa bili, mita zinafungwa mitaani, watu wanatoka wanasimama juu ya shimo fundi asichimbe, 2014 maandamano makubwa Dublin mpaka miji midogo, na serikali ikanywea. Bili zikasimamishwa 2016, mwaka uliofuata waliolipa wakaanza kurudishiwa hela zao. Kwahiyo yule mzee wa jirani anayeonekana mpole anajua kabisa kwamba serikali inaweza kusukumwa.

Lakini kitu kilichouma zaidi hakikuonekana wakati ule. Halmashauri ziliacha karibu kabisa kujenga nyumba za kupangisha watu wa kipato cha chini, na makampuni ya ujenzi yakafa. Kabla ya mdororo, 2006, zilikuwa zinakamilika nyumba zaidi ya 80,000 kwa mwaka. 2013 hazikufika 5,000 nchi nzima. Ishike hiyo namba, utaihitaji, manake siku hizi lazima ukutane na mtu atakayekwambia nyumba zimeisha kwasababu ya wageni. Chuki kwa wageni imeshaonekana kwenye fujo mbaya, Dublin 23 Novemba 2023 mabasi yalichomwa moto katikati ya mji. Usigombane naye, muulize tu 2013 nyumba zilijengwa ngapi na nani alikuwa anatawala.

Tume ya nyumba ya serikali yenyewe ilisema 2024 kwamba pengo ni nyumba kati ya 212,500 na 256,000. Sensa ya 2022 ilikuta watu wazima zaidi ya laki tano bado wanakaa kwa wazazi. Machi 2023 zuio la kuwatoa wapangaji likaondolewa, na mwisho wa 2024 waliokuwa kwenye malazi ya dharura wameshavuka 15,000, watoto maelfu. Na safari hii hela zipo, hapo ndo watu wanapopandwa na mori. Mwaka huo huo wa 2024 mahakama ya Ulaya ikaamua Apple wailipe Ireland kodi ya zaidi ya bilioni 13, na katika wiki hizo hizo ikajulikana kwamba kibanda cha kuegesha baiskeli pale bungeni, Leinster House, kimegharimu kama euro 336,000. Kibanda cha baiskeli 36, na pembeni kiko wazi, mvua ya upepo inakulowesha. Mpaka leo ukitaka kuanzisha mazungumzo na dereva teksi Dublin taja hicho kibanda.

Haya, kagonga mlango. Usimuulize "mtatufanyia nini", atakuimbia. Kama ni diwani, muulize vitu vilivyo mikononi mwake: nyumba za halmashauri zilizokaa tupu eneo hili ni ngapi na zinachukua muda gani kukarabatiwa, mpango wa ardhi ulipopigiwa kura alikubali au alikataa nyumba zijengwe wapi, na kiwango cha kodi ya majengo alipigia kura kishuke au kipande. Wapo madiwani wanaolia nyumba hakuna asubuhi alafu jioni wanasaini pingamizi la ghorofa kujengwa mtaani kwao, wa vyama vyote, wakubwa na wadogo. Diwani hapangi kodi ya pango wala hatungi sheria ya wapangaji, akikuahidi hiyo anakuongopea. Hiyo ni ya mbunge. Na kama una notisi ya kuhama mkononi sasa hivi, usimsubiri mwanasiasa yeyote, nenda RTB, ndo bodi ya migogoro ya wapangaji.

Ahadi za namba zipime na namba. Kampeni ya Novemba 2024 wakubwa wa serikali walikuwa wanasema mwaka ule nyumba zitakaribia 40,000. Hesabu ilipotoka mwanzoni mwa 2025 zilikuwa 30,330, uchaguzi umeshapita, watu wameshaapishwa.

Ila wapinzani nao usiwabebe tu kwasababu wanapinga. 2020 chama cha upinzani Sinn Féin walipata asilimia 24.5 ya kura za kwanza (zile za namba 1, mfumo wenyewe nitaueleza mbele), hakuna chama kilichowazidi, na wakaishia na viti 37 kwasababu walisimamisha wagombea 42 tu, hawakujiamini. Denise Mitchell pale Dublin Bay North alipata kura zaidi ya 21,000 wakati za kumpitisha zilikuwa kama 12,000, na chama hakikuwa na mtu wa pili pale wa kuzipokea zilizozidi, zikagawanywa kwa wengine. Fianna Fáil na Fine Gael, mahasimu tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922, wakaungana wakiwa na Greens, chama cha mazingira, kuwafungia mlango. Tafiti za maoni ya watu zikaendelea kuwapandisha Sinn Féin mpaka juu ya asilimia 30, kila mtu anasema safari ijayo ni yao, alafu ikaja Novemba 2024 wakapata asilimia 19 na viti 39. Fianna Fáil 48, Fine Gael 38, Labour na Social Democrats 11 kila kimoja, waliobaki vyama vidogo na wagombea huru. Greens, waliokuwa ndani ya serikali, wakabaki na kiti kimoja. Januari 2025 Micheál Martin akarudi kuwa waziri mkuu kwa msaada wa wabunge huru, serikali ya wale wale wawili. Waliojitokeza kupiga kura hawakufika asilimia 60.

Watu wanauliza iweje, hasira yote ile imeenda wapi. Imegawanyika. Na hapa tunafika kwenye karatasi yenyewe, sehemu ambayo wengi wanaichezea.

Karatasi ya Ireland huweki tiki wala msalaba. Unaandika 1 kwa unayemtaka kuliko wote, 2 anayefuata, 3, 4, unashuka mpaka uchoke. Jimbo moja linatoa wabunge kati ya 3 na 5, maeneo ya madiwani mara nyingi 5 hadi 7. Kiwango cha kupita kinapatikana hivi, chukua kura halali gawa kwa idadi ya viti ukiongeza kimoja, kisha jumlisha kura moja, mfano kura 60,000 viti 5, unagawa kwa 6, kiwango ni 10,001. Aliyepita kwa kura nyingi, zilizozidi zinaenda kwa namba zinazofuata. Wa mwisho anatolewa, karatasi zake zinaenda kwa namba zinazofuata. Wanarudia hivyo hivyo mpaka viti viishe.

Maana yake ukiandika 1 peke yake na huyo mtu akatolewa raundi ya tatu, karatasi yako inawekwa pembeni, imekufa, na viti vya mwisho, ambavyo ndo vinaamua nani atawale, vinaamuliwa na wengine. Na namba yako ya 2 haiwezi kumdhuru wa 1 hata kidogo, haiangaliwi mpaka habari ya wa 1 iishe, kwahiyo usiogope. Wapiga kura wa Fianna Fáil na Fine Gael siku hizi hilo wamelishika vizuri, wanapeana namba. Upande wa pili kuna vyama vitano sita na wagombea huru, na shabiki wa mmoja anaona uvivu kumpa mwenzie namba ya nne. Kama kuna mtu hutaki kabisa kumuona, wape namba wengine wote, yeye umuache wazi.

Walipokubaliana ilionekana. Uchaguzi wa rais Oktoba 2025 vyama vya mrengo wa kushoto vikasimama nyuma ya Catherine Connolly, akashinda kwa asilimia 63. Mgombea wa Fianna Fáil, Jim Gavin, alikuwa ameshajitoa katikati ya kampeni baada ya kuibuka habari ya mpangaji wake wa zamani aliyekuwa anamdai euro 3,300 za kodi aliyolipa kwa makosa, nyumba tena, jina la Gavin likabaki kwenye karatasi hivyo hivyo. Na kura zaidi ya 213,000 ziliharibiwa, nyingi kwa makusudi, karibu asilimia 13, watu wameandika maneno yao ya hasira. Magazeti yalizungumza wiki nzima. Ila rais hana nguvu ya kujenga nyumba hata moja, kwahiyo pale mtu angeweza kujifurahisha, kwenye kura ya diwani usithubutu, kiti cha mwisho huwa kinaamuliwa kwa kura chache mno.

Siku yenyewe vituo kwa kawaida vinafunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku. Kadi ya mpiga kura sio lazima, beba pasi, leseni au kitambulisho kingine chenye picha. Kuhesabu kunaanza kesho yake saa tatu asubuhi, kwa mkono, kila karatasi, na watu wa vyama wameegemea vizuizi wanachungulia na kuandika makadirio yao, wanakuwa karibu sawa na matokeo. Ukitaka kufuatilia fungua RTÉ, shirika la utangazaji la taifa, lakini kwa madiwani kiti cha mwisho kinaweza kuchukua siku mbili tatu, wakiomba kurudia kuhesabu ndo zaidi, kwahiyo usiombe ofu kazini. Uchaguzi wa madiwani unaofuata ni 2029.