Kujiandaa kwa Mtihani wa Vitendo wa Mwalimu wa Urubani

Anayejiandaa kwa mtihani wa vitendo wa ualimu wa urubani tayari anajua kurusha ndege, na ugumu wake unaanzia hapo hapo, kwa sababu mazoea yote yaliyomvusha katika mitihani iliyotangulia yalimzoesha kuonyesha anachoweza kufanya yeye mwenyewe. Mtihani huu unauliza jambo jingine: je, mtu asiyejua kitu anaweza kukaa kando yako, akakosea, akajifunza kutokana na kosa lake, na nyote wawili mkarudi ardhini salama? Ushauri wote nitakaoutoa hapa unatokana na swali hilo, na atakayejiandaa kwa kukariri majibu bila kulizingatia atafika mbele ya mtahini akiwa na maarifa mengi yasiyomsaidia mwanafunzi.

Kila nchi ina masharti yake ya saa za kuruka na ya nyaraka, lakini msingi wa masharti hayo unafanana, kwa kuwa nchi nyingi hufuata Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kinachosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kiambatisho hicho kinamtaka mwalimu ajue jinsi watu wanavyojifunza, jinsi ya kupanga somo, jinsi ya kumpima mwanafunzi na kuchambua makosa yake, pamoja na hatari zilizomo katika kuigiza hitilafu za ndege angani. Chukua mwongozo wa mtihani uliotolewa na mamlaka ya nchi unakofanyia mtihani, uusome wote badala ya muhtasari ulioandikwa na mtu mwingine, kisha utie alama kwenye kila kipengele ulichowahi kumfundisha mtu kwa sauti. Vile vitakavyobaki bila alama ndivyo vitakavyokuwa ratiba yako ya maandalizi.

Fundisha kwa sauti, mbele ya mtu

Sehemu ya maswali ya ana kwa ana mara nyingi huchukua saa nyingi kuliko safari yenyewe, na watahiniwa wengi hukwama humo ingawa wamesoma vya kutosha. Katika zoezi langu la kwanza la kujipima, mwalimu wangu alinitaka nieleze kwa nini ndege ya injini moja, ambayo propela yake huzunguka kuelekea kulia ikitazamwa kutoka kiti cha rubani, huvuta pua kushoto inapopaa. Nilitaja sababu zote nne, nikachora mishale ubaoni, nikaeleza jinsi hewa iliyosukumwa na propela inavyouzunguka mwili wa ndege na kuupiga mkia. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu: mwanafunzi afanye nini kwa mguu wake wa kulia, na atajuaje kwamba amekanyaga vya kutosha? Nilikuwa nimezungumza kwa muda mrefu bila kutaja pedali, zile za miguuni zinazogeuza pua kushoto au kulia, wala kile kigololi cheusi ndani ya kioo chenye kimiminika kinachoonyesha kama ndege inateleza kando. Tangu siku hiyo kila somo langu huanza na kile ambacho mwanafunzi atakiona na atakachofanya, na sababu hufuata kwa kiasi cha kumsaidia kukikumbuka.

Kwa hiyo tafuta mtu wa kumfundisha. Rubani mwenzako anafaa kwa kukukosoa unapokosea jambo la kitaalamu, lakini mtu asiyewahi kugusa ndege anafaa zaidi, kwa sababu atakuuliza maana ya kila neno ulilolichukulia kuwa linajulikana. Mfundishe kwa dakika 20, kisha umwombe akueleze somo hilo kwa maneno yake mwenyewe, nawe usimkatize. Pale anapobabaika ndipo maelezo yako yalipokuwa na pengo. Ukikosa mtu, jirekodi kwa simu na ujisikilize siku ya pili. Utasikia sentensi ulizoziacha njiani na maswali uliyoyauliza kisha ukayajibu mwenyewe.

Mpango wa somo uandike kwa mkono wako. Mipango iliyo tayari inapatikana kwa wingi, na si vibaya kuitazama, lakini mtahini hutambua upesi mtu anayesoma mawazo ya mwingine, kwa kuwa akiulizwa kwa nini hatua ya tatu imetangulia ya nne hana jibu. Ukurasa mmoja unatosha: lengo la somo, mambo makuu kwa mpangilio, vifaa na muda, makosa ambayo wanafunzi huyafanya mara kwa mara, na kiwango kitakachoonyesha kwamba somo limeeleweka. Sehemu ya makosa ndiyo wengi huijaza kwa haraka, nami ningependa ichukue nusu ya muda wako wa kuandika, maana sehemu kubwa ya mtihani wa angani hutoka humo.

Tuchukue mfano wa stoli, yaani hali ya bawa kupoteza uwezo wa kuiinua ndege kwa sababu pembe kati yake na upepo unaolikabili imezidi kiwango, ambacho katika ndege nyingi ndogo ni nyuzi 15 au zaidi kidogo. Mwanafunzi karibu kila mara huja akiamini kwamba stoli husababishwa na mwendo mdogo peke yake. Ukimwambia tu kwamba si kweli, ataitikia na ataendelea kuamini alichokiamini. Mwonyeshe kwa hesabu: ndege inayopata stoli kwenye noti 50 (yaani maili 50 za baharini kwa saa) ikiwa imenyooka, ikigeuka kwa mlalo wa nyuzi 60, yaani ikiwa imelazwa upande kiasi hicho, bila kupoteza kimo, mabawa yake hubeba uzito maradufu na stoli huja kwenye noti 71 hivi. Kisha mpeleke kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua, ambako hesabu hiyo huua watu. Mwanafunzi amepitiliza mstari wa njia ya kurukia, anaogopa kulaza ndege zaidi, anakanyaga pedali ya upande wa ndani ili aivute pua, anazuia mlalo usiongezeke kwa kupindisha usukani upande wa pili, na anauvuta usukani kwa sababu pua inashuka. Bawa la ndani linapata stoli kwanza, ndege inaingia kwenye spini, yaani inaanguka huku ikizunguka, na kimo kilichobaki hakitoshi kuiokoa.

Hatua za kutoka kwenye spini uzijue kiasi cha kuzitaja na kuzitenda bila kusita: punguza nguvu ya injini hadi mwisho, rudisha usukani katikati, kanyaga hadi mwisho pedali iliyo kinyume na mzunguko, sukuma usukani mbele, na mzunguko ukikoma legeza pedali na uinue pua polepole, isipokuwa kitabu cha ndege husika kinaelekeza vingine. Mtahini atataka pia kusikia namna utakavyomfundisha mwanafunzi kulitambua kosa sekunde chache kabla halijafika huko, na jibu rahisi la kona ile ni kwamba aliyepitiliza mstari huongeza nguvu, hupaa na kuzunguka tena.

Ukiulizwa usichokijua, sema hukijui, kisha ufungue kitabu mbele ya mtahini na ulitafute jibu. Mwalimu hufanya hivyo kila wiki mbele ya wanafunzi wake. Jibu la kubuni, hata likiwa karibu na ukweli, linamwonyesha mtahini utakachomfanyia mwanafunzi atakayekuamini.

Kiti cha kulia

Rubani aliyezoea kiti cha kushoto anapohamia kulia huona kwamba macho yake yanamdanganya. Katika ndege ambayo viti viko sambamba, kitovu cha propela sasa kiko kushoto kwako, na ukikielekeza mwisho wa njia ya kurukia ukidhani umenyooka, pua ya ndege itakuwa imegeukia kulia na magurudumu yatagusa ardhi kwa upande. Katika mgeuko wa kushoto pua inaonekana chini kuliko ulivyozoea, hivyo unaivuta na ndege inapanda. Katika mgeuko wa kulia inaonekana juu, unaisukuma, na kimo kinapungua bila wewe kujua sababu. Kipima kasi kiko mbali nawe, unakisoma kwa pembe, na mshale wake unaonekana umesogea kutoka mahali pake. Mikono nayo imebadilishana kazi: wa kulia unashika usukani na wa kushoto unashika wenzo wa nguvu ya injini.

Dawa yake ni saa za mazoezi, ila zipo njia za kuzifanya saa hizo zizae zaidi. Kabla ya kuwasha injini, ndege ikiwa imeegeshwa na kunyooka sawasawa na mstari uliopakwa ardhini, kaa kulia, tazama mbali mbele, na utie nukta ndogo kwa kalamu inayofutika kwenye kioo cha mbele, mbele ya jicho lako hasa. Nukta hiyo ndiyo itakayokuwa pua yako. Anza kwa kutua mara nyingi bila kusema neno, mpaka mikono itulie, ndipo uanze kuzungumza. Mimi nilianza kuzungumza mapema mno, nikatua vibaya kwa wiki mbili nisijue kama tatizo lilikuwa mikono au mdomo.

Kusema na kutenda kwa pamoja ni ufundi wa peke yake. Neno litangulie tendo kidogo: unasema kwamba sasa utapunguza nguvu, ndipo unapunguza, naye mwanafunzi anapata nafasi ya kutazama mahali panapofaa. Neno likichelewa, anabaki akitafuta kilichokwisha kupita. Na redio ikiita, nyamaza usikilize, umjibu mwongozaji wa ndege, kisha urudi kwenye somo.

Kuacha mwanafunzi akosee, na kujua pa kumzuia

Angani mtahini ataigiza mwanafunzi. Atasahau pedali wakati wa kupaa, atajaribu kunyanyua bawa lililoshuka kwenye stoli kwa kupindisha usukani badala ya kukanyaga pedali, atakaribia kutua kwa mwendo mkubwa huku akikuuliza habari isiyohusika. Mtahiniwa mwenye wasiwasi hunyakua usukani mara moja, na kwa kufanya hivyo anaonyesha kwamba mwanafunzi wake hatajifunza kurekebisha chochote. Aliyetulia kupita kiasi huliacha kosa likue hadi mtahini analazimika kuingilia kati mwenyewe, na mtihani mara nyingi huishia hapo.

Njia niliyoiona ikisaidia ni kuweka mipaka kabla ya kupaa, kwa tarakimu. Andika kwamba ukikaribia kutua hutaruhusu kasi ishuke chini ya kiwango fulani, kwamba mlalo katika kona ya mwisho hautazidi nyuzi 30, kwamba mazoezi ya stoli yataanza kwenye kimo kitakachowezesha ndege kurudi katika hali yake kabla ya kimo cha chini ulichokichagua. Kosa likiwa ndani ya mipaka, tumia maneno, na maneno hayo yaanze kwa swali: kipima kasi kinasemaje? Likifika kwenye mpaka, chukua ndege.

Kuchukua ndege kuna utaratibu usiovunjwa. Anayechukua hutamka kwamba ndege iko mikononi mwake, anayeachia huthibitisha kwa maneno, na anayechukua hurudia tena huku mwenzake akitazama na kuona kwamba mikono imeshika. Kubalianeni maneno hayo ardhini, hata kama mtahini ana saa 10,000, kwa sababu watu wawili wanaodhani kila mmoja kwamba mwenzake ndiye anayeshika usukani wako hatarini zaidi kuliko wanapougombania.

Uigizaji wa hitilafu unahitaji tahadhari hiyo hiyo. Ukitaka kufundisha injini kuzimika, punguza nguvu kwa wenzo wa kawaida na usikate mafuta karibu na ardhi. Kagua eneo na kimo kwanza, pasha injini moto kwa vipindi wakati wa kushuka ili iitikie utakapoihitaji, na utangulize kumwambia mwanafunzi mpaka utakaokomesha zoezi.

Siku yenyewe

Nyaraka zikaguliwe siku tatu kabla, wala usisubiri asubuhi ya mtihani. Leseni, cheti cha afya, daftari la saa za kuruka lenye sahihi zote zinazotakiwa, na kumbukumbu za matengenezo ya ndege ziwe zimewekewa alama kwenye kurasa husika, ili mtahini akiuliza tarehe ya ukaguzi wa mwisho uifungue kwa mara moja. Sahihi moja inayokosekana inaweza kuahirisha mtihani kabla hujaulizwa swali lolote. Muulize pia mtahini nani ndiye rubani mkuu wa safari hiyo kisheria, kwa sababu jibu linatofautiana kutoka nchi hadi nchi na linabadilisha namna mtakavyogawana kazi ikitokea dharura ya kweli. Upepo ukizidi uwezo wako au wa ndege, ahirisha, na ueleze sababu zako kama ungemweleza mwanafunzi.

Mkishatua na kuzima injini, mtihani bado unaendelea. Mtahini anaweza kukugeukia, angali katika nafasi ya mwanafunzi, akuulize amefanyaje. Hapo usimsomee orodha ya makosa yake yote. Muulize kwanza yeye mwenyewe anakumbuka nini kuhusu kutua kwake kwa mara ya pili, msikilize, mtajie jambo moja alilolifanya vizuri na mahali alipolifanyia, kisha uchague kosa moja ambalo likirekebishwa litayapunguza mengine, labda ile pedali ya kulia, na umwambie mtakavyolifanyia mazoezi mkiruka tena. Andika hayo kwenye kumbukumbu zake akiwa anaona, utie sahihi, ndipo mfungue mlango wa ndege.