Jinsi ya kuhudumia makaburi ya Wayahudi yaliyotelekezwa katika mji wa mababu, Poland

Anza na ruhusa. Ardhi inaweza kuwa ya jumuiya ya Wayahudi, ya FODŻ, wakfu unaohifadhi urithi wa Wayahudi nchini Poland, au ya halmashauri ya mji. Kabla ya kugusa udongo au miti, wasiliana na Kamati ya Marabi ya Makaburi iliyoko Warsaw.

Nenda mwanzoni mwa Aprili, majani hayajafunga njia na kupe hawajazidi. Jumamosi na sikukuu za Kiyahudi hapatembelewi. Wanaume wavae kofia. Juu ya kaburi weka kijiwe badala ya maua, na ukitoka nawa mikono.

Vichaka vikate usawa wa ardhi kwa msumeno wa mkono. Using'oe visiki: mizizi imekumbatia mifupa, na sheria ya Kiyahudi hairuhusu marehemu kusumbuliwa. Jiwe lililoanguka liache hapohapo. Likihamishwa, hakuna atakayejua tena lilikuwa la kaburi lipi.

Sasa jiwe lenyewe. Ligonge taratibu kwa kidole. Likitoa sauti ya uwazi, au uso ukimeguka kama unga, usilisafishe kabisa. Lililo imara lioshe kwa maji matupu na brashi laini ya nailoni, ukianzia chini kwenda juu, maana maji machafu yakiteremka kwenye jiwe kavu huacha michirizi. Jiki huacha chumvi ndani ya jiwe, nayo hubandua uso polepole. Brashi ya waya, siki na mashine ya presha ni uharibifu mtupu. Kukiwa na baridi ya kugandisha, ahirisha: maji yakiganda ndani, jiwe hupasuka.

Maandishi yaliyofifia usiyapake chaki wala unga. Mwenzako asimame juani na kioo kirefu, aurushe mwanga ukwaruze uso wa jiwe kutoka ubavuni. Herufi zitajitokeza kwa vivuli vyake. Piga picha ya jiwe zima, ya maandishi, na ya mahali lilipo.

Wengi hufukua chini wakitafuta mistari iliyobaki. Tazama kwanza: ukiona ת נ צ ב ה, kifupi cha dua ya Kiebrania ya kufunga maandishi ("roho yake na ifungwe katika furushi la uhai"), kwa kawaida maandishi yameishia hapo.

Mwaka wa Kiyahudi husomwa kwa kujumlisha herufi, maana kila herufi ya Kiebrania ina thamani ya namba. תרפ"ג ni 400+200+80+3, yaani 683, ongeza 1240 upate 1923. Kifo kikiwa kati ya Tishri, mwezi unaofungua mwaka wa Kiyahudi (Septemba au Oktoba), na mwisho wa Desemba, punguza mmoja: 1922. Picha na majina vipeleke kwenye orodha ya mazishi ya JewishGen, tovuti ya nasaba za Wayahudi.